Tumbo Lililonyamaza

Musimbi hakuwa mwoga, na atakayekuambia vinginevyo mwambie aende mtaani Sarang'ombe akaulize. Huyu ni mama aliyewahi kumtoa mwizi chooni kwa kumvuta ukosi wa shati. Huyu ni mama aliyepokea mtoto aliyetanguliza miguu, mashangazi wa mzazi wamekimbia nje wanalia. Lakini alasiri ile, alipochungulia ndani ya nyumba yake mwenyewe kupitia tundu la msumari kwenye mabati, aliogopa, akashika ukuta.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani. Mwanawe Trizah alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima, uso umefunikwa na dude jeusi lililofungwa kichwani kwa mikanda. Macho hayaonekani. Mikono ameiinua mbele, anaipeleka polepole, anapapasa hewa. Anavuta pumzi, anaizuia kidogo, anaiachilia. Na midomo, jamani, midomo inatabasamu.

Hilo tabasamu ndilo lililomtoa Musimbi jasho. Maana ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi wa Trizah, na hakuna aliyezijua siku hizo kuliko mama yake. Siku ya kwanza Trizah hujikunja sakafuni juu ya sementi baridi. Hutapika hata maji. Huuma leso asisikike na majirani. Tangu alipokuwa kidato cha pili hadi sasa ana miaka ishirini na minne, hakuwahi kutabasamu siku kama hiyo, hata mara moja.

"Trizah!" Musimbi alipiga mabati kwa kiganja. "Trizah, fungua mlango!"

Msichana alishtuka, akalivua lile dude haraka, akalisukuma chini ya mto. Halafu akaja kufungua.

Sasa hapa lazima nikuambie habari za Minayo, la sivyo utamwona Musimbi kama mama mkorofi tu, na utakuwa umemwonea. Minayo alikuwa dada yake mkubwa, kule kwao Vihiga. Siku moja tumbo lilimshika Minayo, akalia siku mbili mchana na usiku, hadi wanaume wakahama boma. Wakampeleka mahali fulani akapewa kitu cha kutuliza, wakarudi naye. Asubuhi ya siku ya tatu, kimya. Minayo aliketi, akatabasamu, akaomba uji wenye ndimu. Watu wakamshukuru Mungu kwa nyimbo. Musimbi, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyemshikia kikombe. Saa sita mchana Minayo alikuwa amekufa, na hadi leo hakuna anayejua ni kitu gani kilichompasukia humo ndani. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Kwa hiyo Musimbi alikua na imani moja tu, nayo hakufundishwa kanisani. Tumbo linalolia liko hai. Tumbo la kuogopwa ni lile lililonyamaza.

Na hiyo ndiyo iliyomfanya mkandaji. Bibi yake alimfundisha kukanda matumbo ya wanawake, naye akaja na kazi hiyo Nairobi, akawakanda waja wazito na wenye kuumwa kila mwezi, kuanzia Sarang'ombe hadi Silanga kule karibu na bwawa. Alikuwa na namna yake. Alipaka mafuta, akapitisha vidole taratibu huku anamwangalia mtu usoni. Ukishtuka, amepapata. Hapo ndipo uchungu umekaa. Basi anabonyeza papo hapo, anabonyeza, anabonyeza, hadi tumbo liachie. Ukilia anakuambia, "Lia mama, lia, ndiyo inatoka." Wanawake walimsifu kwamba mikono yake ina masikio. Musimbi alimkanda mwanawe kila mwezi, miaka minane mfululizo, bila kukosa.

Ndiyo maana alipoingia ndani siku ile, kabla ya salamu, alimshika Trizah bega.

"Umevaa nini usoni?"

"Aki mum, si kitu."

"Si kitu na nimeona kwa macho yangu? Toa."

Trizah alilitoa. Lilikuwa kama miwani ya kuogelea iliyovimba, nzito, yenye vioo viwili vidogo kwa ndani. Musimbi hakuligusa.

"Inaitwa VR," Trizah alisema. "Ukivaa unaona ni kama uko mahali pengine. Kuna maji, kuna miti, kuna kitu inakuonyesha vile utapumua. Akili inashikwa na hiyo, haipati nafasi ya kuskia uchungu yote."

"Na wameweka dawa gani ndani?"

"Hakuna dawa, mum. Si unajua zile tembe zilinipea vidonda vya tumbo? Ndiyo wakaniambia nijaribu hii. Si sindano, si kidonge. Ni kuangalia tu."

"Akina nani hao?"

Ikabidi yote yatoke. Joan, yule wanayeshona naye uniform za shule pale mtaa wa Olympic, alimpeleka kliniki moja ya wanawake Kawangware. Huko kuna nesi anaitwa Beth. Wamepimwa, wameulizwa maswali mengi, na Trizah ameambiwa ugonjwa wake una jina. Endometriosis. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje, mahali si pake, na kila mwezi inavimba na kuchoma. Kliniki ilikuwa inajaribu miwani hizi, wamewaazima wanawake wachache kwa miezi mitatu. Asubuhi na jioni simu inamuuliza Trizah uchungu ni ngapi kwa kumi, naye anajibu.

"Mbona hukuniambia?"

Trizah alitazama pembeni. "Nilikuwa nikuambie."

Musimbi alichukua kopo la mafuta ya Arimis juu ya kabati, akatandika mkeka. "Haya, lala nikukande."

"Leo hapana, mum. Niko sawa. Iko nne."

"Nne gani?"

"Nne kwa kumi. Siku zote huwa tisa." Na msichana akatabasamu tena, tabasamu dogo la mtu aliyechoka, akasema, "Hata naskia njaa. Kuna uji?"

Uji! Kati ya vyakula vyote vya dunia hii, uji! Musimbi alishika kopo lile kwa mikono miwili ili lisimponyoke. Alimpikia, ndiyo, angefanya nini? Akakoroga huku ameangalia mgongo wa mwanawe. Trizah akanywa, akalala usingizi wa mchana, na mama yake alikuwa akitoka nje kufua kila baada ya dakika tano anarudi ndani, anainama, anaweka kiganja karibu na pua ya mtoto kuona kama pumzi bado inapita. Alifua leso moja mara tatu bila kujua.

Trizah hakufa. Kesho yake aliamka akaenda kazini. Lakini wewe unadhani hilo lilimtuliza Musimbi? Lilimzidishia. Aliona kifo kimeahirishwa tu.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kumweleza Mwongeli. Mwongeli ni jirani, anauza makaa, ana jibu la kila kitu na hajui lolote. "Wee!" Mwongeli aliruka. "Hizo miwani zinakula akili. Leo anaona maji, kesho ataona watu, kesho kutwa wanamwita na anaenda. Mimi ningezichoma kwa jiko mchana kweupe."

Musimbi alimwambia aache ujinga. Hakuamini mambo ya kuitwa na watu wa ndani ya maji. Hofu yake yeye ilikuwa ya tumbo, na ilikuwa na akili zake. Kuna kitu kibaya humo ndani, alijiambia, nao wamekifunika. Nitajuaje kiko wapi ikiwa mtoto haumwi? Nitajuaje kikisogea? Usiku alilala ameelekeza sikio kwenye kitanda cha pili. Mchana mikono ilimtetemeka hata wakati wa kumenya viazi. Akawaambia wateja wa Silanga kwamba ana homa, maana hakuweza kuwagusa na mikono ya namna hiyo. Akafunga na kuomba siku mbili. Hakuna kilichosaidia, na mwezi ukawa unakaribia.

Siku moja kabla ya siku yenyewe, Trizah alipokwisha kwenda kazini, Musimbi aliinua mto. Dude lilikuwepo, limefungwa vizuri katika leso, kama mtoto mchanga. Alilitia kwenye mfuko wa sokoni, akaweka sukuma wiki juu yake, akafunga mlango, akaacha ufunguo kwa jirani kama kawaida, na kupanda bodaboda hadi Kawangware. Alikuwa amekata shauri. Atamrudishia huyo Beth kitu chake mkononi. Atamwambia, mwanangu si wa kujaribiwa. Kesho tumbo litalia lilivyo, naye atapitisha vidole, asikie, ajue. Mtoto ataumia, sawa, lakini atakuwa hai.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya duka la simu, si mbali na kituo cha matatu kinachoitwa 46. Wanawake kumi hivi walikuwa kwenye mabenchi. Msichana wa mapokezi alimwambia Sista Beth yuko na mgonjwa, aketi angoje.

Akaketi. Akangoja. Alipanga maneno yake, yakawa makali, yakampendeza. Kisha wazo moja likamwingia na kumharibia mpango. Nesi akimuuliza, "Mama, umeona nini kibaya ndani yake?" atajibu nini? Hajawahi hata kuligusa kwa kidole. Atabishana na mtu wa hospitali kuhusu kitu asichokijua, aaibike mbele ya wanawake wote hawa?

Aliondoa sukuma wiki. Alilitoa. Mwanamke wa pembeni akasogea kidogo. Musimbi akasema kimoyomoyo, Yesu nishike, akalivaa.

Giza. Alitaka kulitupa. Halafu mwanga ukaja taratibu, na loo, benchi halipo! Kliniki haipo! Amekaa kando ya mto mpana uliotulia, miti imeinamia maji, na duara la rangi ya machungwa linapanuka na kunywea mbele yake kama kitu kinachopumua. Aligeuza kichwa kushoto, mto ukaendelea. Akageuza kulia, miti. Musimbi aliinua mikono yake mbele ya macho apate kushika kitu chochote cha kweli. Haikuwepo. Aliiinua tena. Aliipunga. Kulikuwa na maji tu. Mikono aliyoitegemea maisha yake yote haikuwepo popote.

Kabla hajapiga kelele, sauti ilianza kuongea masikioni mwake, na ilikuwa ya Trizah.

"Haya," Trizah alisema, na akacheka kidogo kwa aibu. "Sista Beth amesema nijirekodi nikijiambia maneno ya kunituliza. Sawa. Trizah, ni mimi. Uko salama. Mlango umefunga na komeo. Mum ameenda Silanga, hawezi rudi saa hii. Hakuna mtu anakugusa. Umeskia? Hakuna mtu anakugusa. Mikono ya mum iko mbali. Hakuna mwenye anakubonyeza. Vuta pumzi. Tumbo ni yako. Toa. Mikono yake iko mbali sana. Vuta."

Ikaendelea. Musimbi hakuivua. Alikaa pale na mikono yake hewani, mikono isiyoonekana, anasikia mwanawe akijifariji kwamba mama hayupo. Alitaka kuamini amesikia vibaya. Lakini maneno yalirudi, kwa sauti ileile ya upole, ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Hakuna mwenye anakubonyeza.

"Mama?" Mtu alimgusa bega. "Mama, hiyo ni ya nani?"

Alipoivua, mwanga wa kweli ulimchoma macho. Mbele yake alisimama mwanamke mnene wa makamo, mwenye sweta ya bluu na saa iliyopinduliwa kifuani. Yale maneno makali yote yalikuwa yameyeyuka.

"Mimi ni mama yake Trizah," Musimbi alisema.

Beth alitazama miwani, akatazama uso wa huyu mama, na nadhani akaelewa. Alimchukua hadi chumba kidogo, akafunga mlango. "Hiyo sauti ilikuwa yake peke yake," alisema, bila ukali. "Lakini umeshasikia. Niambie, mama, umekuja na nini?"

"Na hofu," Musimbi alisema, na akajishangaa. Hajawahi kumtamkia mtu neno hilo. Halafu likatoka lote mara moja. "Si ndiyo mtu hufa hivyo? Anaumwa, mnamnyamazisha, anatabasamu, anaomba uji, anakufa?"

"Nani alikufa, mama?"

Musimbi alimwambia. Beth alisikiliza hadi mwisho, hakuangalia saa.

"Pole sana," alisema. "Sasa nisikilize. Hii miwani haiponyi ugonjwa, na sisi hatujasema inaponya. Inamsaidia apite siku. Akipata homa, akizimia, akisema huu uchungu si ule wa kila mwezi, hiyo haivaliwi. Ni hospitali, mbio. Trizah anajua, nimemfundisha mara tatu. Simu inamuuliza kila siku, na sisi tunasoma. Hakuna anayemwacha anyamaze."

Musimbi akauliza, "Na kukanda? Mtu akimkanda pale panapouma?"

Beth aliangalia ile mikono iliyofungana mapajani. "Kwa ugonjwa wake, mama, ni kama kufinya jipu bichi."

Simu ya Musimbi ililia. Aliitoa mfukoni ikamponyoka, akaiokota.

"Mum?" Ilikuwa Trizah, sauti imepanda juu, pumzi za vipande. "Mum, imeanza. Imeanza leo, imekuja mapema. Naenda home, Joan ananishika. Mum, kitu yangu... umeiona? Nilituma mtoto wa jirani aangalie chini ya mto, haiko."

"Ninayo," Musimbi alisema.

Ukasikia magari ya Olympic yakipita huko, na mtu anauza maji. Kisha Trizah akasema polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu, "Sawa, mum." Akakata.

Kuna watu watakuambia hawajawahi kuogopa kitu wakiwa juu ya boda. Musimbi alikuwa amekumbatia mfuko kifuani, dereva anapenya kati ya magari Barabara ya Ngong, vioo vinagusana, na hakuona gari hata moja. Aliona sakafu. Aliona mwanawe akiwa sakafuni. Mwezi mzima ameogopa tumbo likinyamaza, na sasa alikuwa anaogopa likilia, maana alijua likilia yeye hufanya nini. Je, ikiwa leo ndiyo siku yenyewe? Ikiwa ni leo, na kitu pekee kilichokuwa kinamsaidia mtoto kiko hapa chini ya sukuma wiki, alikiiba nani? "Ongeza!" alimpigia dereva kelele. "Ongeza, kijana, wewe ni wa wapi!" Dereva akaongeza.

Joan alikuwa amesimama nje ya mlango, anauma kucha. "Amenitoa," alisema. "Amesema atakungoja wewe."

Musimbi aliingia.

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Trizah alikuwa amelala chali, magoti yamekunjwa, uso wa kijivu umelowa jasho. Kopo la Arimis liko wazi kando yake. Blauzi ameipandisha hadi kifuani mwenyewe, tumbo liko wazi, na ncha ya leso iko katikati ya meno. Alikuwa amejiandaa. Alipomwona mama yake, alitoa leso mdomoni na kusema, "Haya, mum. Fanya tu haraka."

Halafu akairudisha leso na kufumba macho.

Musimbi alipiga magoti. Na mikono, nakuambia ukweli, mikono ilikwenda yenyewe. Miaka thelathini si mchezo. Vidole vilikuwa vimeshafika kwenye kopo. Ndipo alipotazama tumbo lile na kuona jinsi lilivyokazwa, lote, kuanzia mbavuni, kama la mtu anayengoja kupigwa. Alikuwa ameliona hivyo mara ngapi? Kila mara alisema, tazama, limeganda, na akabonyeza zaidi.

Alifunika kopo. Akaishika blauzi kwa ncha za vidole na kuishusha. Trizah alishtuka kitambaa kilipomgusa.

"Leo hapana," Musimbi alisema.

Trizah alifumbua macho, na usidhani yalikuwa na furaha. Yalikuwa na woga. "Umekasirika?"

"Sijakasirika. Kuna homa? Ni ile ya kila mwezi ama ni nyingine?"

"Ni ileile." Alimkodolea mama yake macho, hakuwahi kuulizwa hivyo. "Ni ileile, mum, lakini ni kali."

Musimbi alimwaga sukuma wiki sakafuni, akatoa miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake. Hakujua mikanda inakaaje, akamkabidhi. Trizah akaivaa mwenyewe, vidole vinateleza kwa jasho. "Ni dakika thelathini, mum," alisema. "Niangalizie saa." Kisha Musimbi akarudi nyuma, akarudi nyuma, hadi akafika kwenye stuli ya kando ya jiko, mbali kadiri nyumba yenyewe ilivyoruhusu, akaketi.

Zilikuwa dakika ndefu. Trizah aliguna, akaviringika upande, akatafuta ukuta kwa mguu. Kila mguno ulimchoma Musimbi kwenye mbavu na kumsimamisha, na kila mara alijilazimisha kukaa. Akasikia pumzi zikivutwa na kuachiliwa, vibaya mwanzoni, zinakatika, halafu zikaanza kushikana. Alijua ni maneno gani yanayosemwa humo ndani wakati huo. Alijua ni nani anayesemwa yuko mbali.

"Saba," Trizah alisema. Baadaye kidogo, "Sita."

Musimbi hakujua kama sita ni ya kumshukuru Mungu au ya kuita gari. Lakini swali lake lingine aliliuliza kwa sababu mtoto hakuweza kumwona, na angeweza kuuliza tu akiwa haonekani.

"Trizah. Nikikukanda, ulikuwa unaumia?"

Duara la rangi ya machungwa lazima lilipanuka na kunywea mara kadhaa humo ndani kabla hajajibu.

"Sana, mum."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Lakini mimi nilikuwa nakuangalia! Mtu akishtuka mimi huona. Wewe uliacha kushtuka. Nikajua unapona."

"Nikishtuka ulikuwa unabonyeza hapo hapo," Trizah alisema. "Nikajifunza kutoshtuka."

Nje Joan alikohoa. Musimbi alisogea ukingoni mwa stuli. "Si ungeniambia niache? Mimi ni mama yako. Si ungesema tu, mum, wacha?"

Trizah alivuta pumzi, akaizuia, akaitoa, kama alivyofundishwa.

"Ulikuwa unaogopa, mum," alisema. "Mikono ilikuwa inakutetemeka hata kabla unishike. Ukimaliza, inatulia. Unakula. Unalala. Unaimba hata. Nikaona wacha tu nivumilie hizo dakika kumi, upate kulala."

Musimbi aliitazama mikono yake. Ilikuwa imeanza. Ilimtetemeka magotini, yote miwili, mbele ya macho yake, na hakukuwa tena na tumbo la mtu la kuitulizia.

"Mum? Bado uko hapo?"

"Niko."

"Imebaki dakika ngapi?"

Aliangalia simu. "Kumi na moja."

"Usiende."

"Siendi," Musimbi alisema. Akaikalia mikono yake juu ya stuli, akakaza meno, akaogopa hivyo hivyo, peke yake, dakika zote kumi na moja.